Jeneza la Mzee Crescencio

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilipokwama. Nilifukuzwa kazi kwenye zahanati kwa kosa la kutopanda lori la kwenda kumshangilia mgombea wa Chama cha Kijani. Mume wangu alikuwa amekwenda Buenos Aires kutafuta kazi ya ujenzi, akapata kazi na mke pia. Na mimi, kwa hasira, nikajitwika uratibu wa kampeni ya mpinzani hapa Potrero Guavirá, mahali ambapo hata mbwa huzaliwa wakiwa wa kijani.

Sitanii. Huku kwetu mtu haingii chamani, anazaliwa humo. Babu alikuwa wa kijani, baba akawa wa kijani, na siku mtoto anapotimiza miaka kumi na minane mwenyekiti wa tawi anafika na keki mkono mmoja na fomu mkono wa pili. Fomu yangu mimi aliijaza baba nikiwa bado nimelala.

Basi zilikuwa zimebaki siku tatu tupige kura. Mgombea wetu, Daktari Rolando Iturbe, alikuwa palepale alipokuwa tangu Krismasi, asilimia thelathini na nane. Yule wa kijani, ambaye hata wake zake wa zamani hawampendi, alikuwa na arobaini na mbili. Redioni wasomi walibishana kwa nini mpinzani hapandi. Mmoja alisema upinzani umegawanyika. Mwingine akasema wananchi hawajaelewa sera. Wa tatu akasema ni masharubu ya Daktari.

Nilizima redio. Sababu ninaijua mimi, Eulalia Fretes, na leo nitaitapika hapa gazetini hata kama baadaye hamtanisalimia njiani.

Ng'ambo ya barabara yangu aliishi Mzee Crescencio Ovelar, fundi wa matandiko ya farasi, mtu wa miaka sabini na moja. Huyu alikuwa wa kijani maisha yake yote. Mwezi Februari aliamka asubuhi, akaenda getini na ngazi, akatundika bendera nyeupe ya Daktari. Watu walidhani amepatwa na wazimu. Wiki mbili baadaye nyumba tisa za mtaa ule zilikuwa nyeupe.

Nyumba yake peke yake ilikuwa na wapiga kura kumi na mmoja, ukihesabu watoto na wakwe. Nilimwahidi Daktari mtaa mzima, na mtaa mzima ulikuwa unamtazama mzee mmoja. Ijumaa asubuhi Daktari angekuja mwenyewe kupiga naye picha uwanjani kwake. Ikienda vizuri, Potrero ingegeuka. Isipokwenda vizuri, ningekuwa nimepoteza kazi, mume na jina.

Alhamisi saa nane mchana mzee alimaliza mihogo yake, akajilaza kwenye bembea ya kamba, akaomba maji. Mkewe, Bi Sinforiana, aliporudi na kikombe, mzee hakukihitaji tena.

Nilivuka barabara mbio. Bi Sinforiana ndiye aliyemshika mwanangu kwenye ubatizo, kwa hiyo kwangu ni zaidi ya jirani. Nilimkuta ameketi chini, ameushika mguu wa mumewe kama mtu anayezuia baiskeli isianguke.

Hakulia. Alinivuta sikio karibu na kinywa chake.

"Lali, mwanangu, unakumbuka alivyosema?"

Nilikumbuka. Sote tulikumbuka, maana alilisema mbele ya watu siku ya kutundika bendera. "Nikifa, msinitie kwenye sanduku la tawi. Nimekaa humo miaka sabini, inatosha."

Na hapo ndipo penye mkosi wenyewe, maana Potrero majeneza yote ni ya tawi. Ukifiwa, unakwenda kwa mwenyekiti, unaondoka na jeneza, turubai, viti hamsini na barafu. Hudaiwi hata senti. Unadaiwa shukrani, na shukrani haina risiti, inarithiwa na wajukuu.

Nilikwenda kwa seremala wetu kwanza. Alikuwa na majeneza manane yamepangwa ukutani, yananukia gundi. Nikamwambia ninataka moja. Akaniambia yote yana mwenyewe, hata mbao zilizolala uani zina mwenyewe, na kama ninataka kitu cha kutengenezwa upya nilete mbao zangu, atamaliza Jumatatu.

Jumatatu, na joto lile. Mnaelewa.

Nikapiga simu makao makuu ya kampeni, Asunción. Alipokea Monserrat, msaidizi wa Daktari, msichana msomi ambaye kila mara huongea nami taratibu kama vile ninasikia kwa shida.

"Jeneza?" aliuliza. "Eulalia, sisi hatufanyi siasa za namna hiyo."

"Siyo siasa, ni maiti."

"Ninakuelewa. Lakini Daktari amesema wazi, zawadi kwa mpiga kura ni rushwa."

"Mpiga kura mwenyewe kafa, Monserrat. Atahongwaje?"

 Nikasikia karatasi zikifunuliwa. Kisha akaniambia kwamba ukurasa wa arobaini na moja wa ilani yetu una Mfuko wa Taifa wa Mazishi, utakaoanza mwaka wa tatu wa utawala mpya.

"Msomee mjane," alisema. "Itamfariji."

Nilikata simu. Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko langu. Watu hawa walikuwa na ukurasa wa kila kitu. Walikuwa na ukurasa wa mito na ukurasa wa nyuki. Ila walipoambiwa kuna mzee mmoja amelala kitandani na mainzi wanamnyemelea, hawakuwa na mkono.

Mkono mtupu haulambwi. Hilo halikuandikwa kwenye ilani.

Basi nilifanya nililofanya. Nilijifunga kitambaa kichwani nisitambulike, jambo la kijinga, maana Potrero unatambuliwa kwa ndala. Nikaenda tawini.

Mwenyekiti wa tawi anaitwa Don Fulgencio Arzamendia. Ni yeye aliyetia saini barua ya kunifukuza zahanati. Nilimkuta ameketi chini ya feni, amezungukwa na watu kama kawaida yake. Huyu anataka dawa, yule anataka gari la wagonjwa, mwingine anataka barua ya kumwingiza binti yake chuo cha ualimu. Pembe ya tereré ilikuwa inazunguka mkono kwa mkono, majani ya yerba kwa maji ya barafu, mrija mmoja wa chuma kwa vinywa vyote.

Aliniona, akajaza pembe, akanipa mimi kabla ya wote. Nikanywa. Mtu hakatai tereré, hata ya adui.

"Pole na Crescencio, binti yangu," alisema. "Nilipata habari kabla hujavuka barabara."

"Don Fulgencio, nimekuja..."

"Najua. Urefu wake ninaujua pia. Tulikuwa jeshini pamoja, alinizidi kiganja kimoja. Sanduku la kawaida lingemkunja magoti."

"Unajua alitundika bendera nyeupe."

"Bendera ni kitambaa, Lali. Mtu akifa anahitaji mbao."

Watu waliozunguka wakaguna kukubali. Nikamuuliza anataka nini. Nilitaka ataje bei, nimchukie vizuri, niondoke.

"Nikidai kitu kwa maiti nitakuwa mwizi wa makaburini," alisema. "Sitaki kitu. Kesho saa nne nitakuja kuzika, basi. Watu wangu huwa ninawazika mwenyewe."

Watu wangu. Hapo ndipo nilipaswa kusimama nikasema Crescencio si mtu wako, alikukimbia mbele ya macho ya watu. Nilisema asante. Kibaya zaidi, nilisema nikiwa na machozi, kwa sababu tangu mume wangu aondoke hakuna mtu aliyekuwa ameniita binti yangu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wanasema. Siku ile niliichukia methali hiyo hadi mifupani.

Baada ya saa mbili jeneza lilikuwa uani kwangu. Niliomba liletwe kwangu kwanza, nikasema ninataka kulifuta vumbi. Lilikuwa na utepe wa kijani ubavuni na kitambaa cha kijani ndani. Nikaubandua utepe kwa kisu cha mihogo. Nikakichana kile kitambaa, nikatandika shuka langu jeupe la harusi, ambalo lilikuwa halina kazi tena. Utepe niliutia motoni.

Bi Sinforiana alipoliona lile sanduku linaingia, alisimama mlangoni akauziba.

"Limetoka wapi?"

"Kwa Daktari," nikasema.

Ndugu msomaji, nimewahi kudanganya wanaume, mapadre na askari wa barabarani. Uongo ule ulikuwa mwepesi kuliko wote. Ulitoka wenyewe, kama mate.

Bi Sinforiana aliondoka mlangoni. Akaligusa sanduku, akaligusa shuka. Kisha akanishika mikono yote miwili akaibusu, na ndipo alipolia kwa mara ya kwanza siku ile.

"Basi mume wangu hakukosea," alisema. "Walimcheka, lakini hakukosea."

Usiku kucha tulisali rozari, nami kila nilipofika kwenye "utuombee sisi wakosefu" niliinamisha macho. Ila asubuhi nilipohesabu bendera kutoka getini, nyeupe zilikuwa kumi na nne. Habari ya jeneza la Daktari ilikuwa imetembea nyumba kwa nyumba. Watu walikuwa wanasema huyu ndiye, huyu anajua kufiwa. Uongo wangu ulikuwa umefanya kazi ambayo ilani ya kurasa mia mbili haikuifanya. Nilitaka kufurahi. Nilijiona mchafu.

Saa tatu Daktari Iturbe alifika na magari mawili, Monserrat na mpiga picha. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi kwenye viwiko. Nikamwongoza kwa mjane, akatoa pole zake vizuri, sikatai.

Kisha binti mkubwa wa marehemu akamletea tereré.

Daktari alitabasamu. Akafungua mkoba wake, akatoa pembe yake mwenyewe na mrija wake mwenyewe, akaufuta kwa kitambaa chenye dawa, akaomba amiminiwe humo.

 Watu themanini waliacha kutafuna. Nyuma yangu mzee mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Anadhani tuna kifua kikuu," na mwenzake akajibu, "Na huyo ndiye anayetaka kutuongoza, kwa mrija wake wa peke yake."

Nikajua bendera nne zimeanguka hapohapo. Lakini Bi Sinforiana, Mungu amjalie, alimwokoa.

"Mwacheni," alisema. "Ni daktari, ameona magonjwa mengi. Mkono wake tumeshauona jana."

Akainuka, akamsogelea Daktari mbele ya watu wote, akamshukuru kwa jeneza. Akasema mumewe alikufa mtu huru na atazikwa mtu huru, na kura za nyumba hii zote kumi na moja ni zake Daktari, hata angekuja na mirija kumi.

Daktari alinitupia jicho. Aliona uso wangu, akaelewa kwamba kuna jambo asilolijua. Mtu mwenye haya angesema, mama, ngoja kwanza. Yeye aliweka kiganja juu ya jeneza, akageuza uso upande wa mpiga picha.

"Ilikuwa ni wajibu wangu, mama," alisema.



Saa nne kasorobo Don Fulgencio aliingia getini kwa miguu, kofia mkononi, ndani ya shati la kijani. Watu wakampisha. Bi Sinforiana akajikaza.

"Umefuata nini?"

"Kuzika, mama. Tulikuwa jeshini pamoja."

"Zika ukiwa kule nyuma."

"Nitazika nyuma."

Akapita karibu na jeneza. Akaona ubavu uliobanduliwa utepe, akaona na shuka langu. Alinitazama kwa muda wa kusoma kitabu kizima. Nikangoja aseme. Kama angesema hapo, ningemshukuru.

"Jeneza zuri," alisema, akaenda kusimama nyuma.

Daktari alinishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya jiko. Akaniuliza sanduku limetoka wapi. Nikamweleza yote, simu, seremala, tawi na uongo, nikingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze. Ningemheshimu.

"Lilichukua muda gani?" aliuliza.

"Saa mbili."

"Saa mbili," alirudia, na macho yake yakang'aa. "Nina washauri saba kutoka vyuo vikuu, mwaka mzima hawajanipa kitu cha saa mbili. Eulalia, huyo mzee ndiye ninayemhitaji."

"Daktari, huyo ndiye tunayempinga."

"Tunampinga mgombea wao. Huyu ni fundi wa mtaa. Fundi hana rangi."

Nikamkumbusha kwamba Fulgencio ndiye aliyenifukuza kazi kwa ajili ya huyo mgombea. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba mambo binafsi tuyaweke kando hadi Jumatatu. Nikamuuliza ukurasa wa arobaini na moja je.

"Huo ni wa wale wanaosoma," alisema.

Hebu niambieni ninyi. Mtu aliyekataa kunywa na masikini, alikuwa tayari kumlamba mikono anayewaweka masikini mfukoni. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na watu wa Potrero zimwi lao wanalijua. Sasa lile jipya nalo lilikuwa linaota meno palepale mbele yangu, na lilikuwa linaniomba nilishikie kioo.

Kabla sijamzuia alikuwa amesharudi uwanjani. Alipita katikati ya waombolezaji hadi kwa Don Fulgencio, akamkumbatia mbele ya maiti na mpiga picha.

"Ndugu yangu," alisema, kwa ile sauti yake ya jukwaani inayofika barabarani, "jeneza ulilompa mzee wetu limenifundisha mengi. Njoo tufanye kazi pamoja."

Kamera ikalia mara tatu.

Don Fulgencio hakumkumbatia. Aliacha mikono yake ining'inie, akanitazama juu ya bega la Daktari, na nikaona kwamba hata yeye ananionea huruma.

"Kwanza tuzike, Daktari," alisema.

Nilimtafuta Bi Sinforiana kwa macho. Hakuwa anamtazama Daktari wala mwenyekiti. Alikuwa ananitazama mimi.

Padre akatoa ishara, mwana mkubwa wa marehemu akakaza skrubu za kifuniko. Wabebaji sita wakajipanga, na Daktari, kwa kuwa mpiga picha alikuwa tayari, akashika mpini wa mbele upande wa kulia. Akamwita Don Fulgencio ashike wa kushoto. Don Fulgencio akasita, kisha akashika, kwa sababu kila mtu alikuwa anamwangalia na kwa sababu alikuwa amesema huwa anazika watu wake mwenyewe.

Jeneza likainuka kiganja kimoja kutoka mezani.

Bi Sinforiana akaweka mkono juu ya kifuniko, likarudi chini.

"Lali," alisema. "Nani ametoa sanduku hili?"

Ningeweza kusema uongo tena. Daktari, aliyeng'amua sasa kwamba ulimi wake umemponza, alikuwa ananikonyeza niseme, na nusu ya uwanja ilitaka kuamini. Bendera kumi na nne zilikuwa zinapepea mtaani. Lakini yule mama alikuwa ameibusu hii mikono yangu.

"Tawi," nikasema. "Nililiomba mimi."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliwageukia wanawe.

"Mtoeni humo."

"Mama," alisema mkubwa wao, "jua limeshapanda. Padre anangoja. Tumtoe tumweke wapi?"

"Muulizeni Lali."

Watu themanini wakanigeukia.  Yule mkubwa akapiga goti, akatoa bisibisi, akaanza kufungua skrubu ya kwanza.